Jiwe Ndani ya Kikombe cha Kibabu

Kwaruu.

Kulikuwa bado giza. Chiriku alifumbua macho akasikiliza. Kwaruu, tena. Ilikuwa sauti ya kikombe cha bati kikiburutwa mezani, na nyumba nzima ilijua ni nani mwenye mtindo wa kuamka kabla ya wengine na kujitafutia maji. Ni mdogo wake, waliyempa jina la Kibabu kwa sababu alitembea mikono mgongoni kama mzee anayekagua shamba lake. Siku nyingine Chiriku angejifunika shuka gubigubi na kuendelea kulala. Leo alikumbuka kilichokuwa ndani ya kikombe kile, na usingizi ukamruka.

Alitoka mbio, akajigonga goti kwenye beseni, akaupiga mkono wa mdogo wake. Kikombe kilianguka, maji yakamwagika, na kitu kizito kikabingirika hadi chini ya meza. Kibabu akaangua kilio.

Mama alipowasha taa, Chiriku alikuwa amechutama, jiwe limo ndani ya kiganja, kiganja kimo nyuma ya mgongo.

"Kulikuwa na mende kwenye kikombe, mama," alisema.

Mama alimbeba Kibabu, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema huyo mende lazima alikuwa mkubwa kama paka kwa kishindo kile. Kisha akaenda kuwasha moto. Chiriku alibaki sakafuni akiyatazama maji yaliyomwagika. Yalikuwa mengi, lakini je, yalikuwa yote? Hakujua kama mdogo wake alikuwa amekwisha kupiga funda.

Mama yao alikuwa dobi. Alifua sare za wauguzi, mashuka ya nyumba ya wageni na suti za watu wanaokwenda harusini. Katika nyumba ile kila doa lilianza kwa kulowekwa usiku kucha, na asubuhi ndipo lilisuguliwa. Chiriku aliijua kazi hiyo tangu hajajua kusoma. Alijua pia sheria moja ambayo mama hakuwa na mchezo nayo: chombo cha kulowekea si chombo cha kunywea.

Jina la Chiriku alilipata kwa kusema bila kituo, na ni kwa sababu hiyo mwalimu wa sayansi alimchagua. Wazazi wangekuja kuitembelea shule, na mwalimu alikuwa ameazima jiwe moja adimu kutoka ofisi ya madini. Chiriku ndiye angelieleza. Liliitwa umangiti, lilitoshana na ndimu, nalo lilikaa ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kioo. Mwalimu aliwaambia walitazame tu, wasiliguse, na akaeleza kwa nini. Wakati huo Chiriku alikuwa akimnong'oneza jirani yake wa dawati, kwa hiyo ile sehemu ya kwa nini ilimpita.

Jirani yake huyo alikuwa msichana mrefu asiyeacha kumchokoza mtu. Alilitazama jiwe, ambalo lilikuwa jeusi lenye mng'aro wa zambarau na mabaka ya buluu, akacheka chinichini.

"Jiwe lako limevilia damu," alisema. "Utawaambia nini wazazi, kwamba lilianguka ngazini?"

Wenzao walicheka. Tangu hapo Chiriku kila akilitazama jiwe aliona uchafu. Na yeye alikuwa mtoto wa dobi, uchafu haukumshinda. Zamu yake ya kufuta vumbi darasani ilipofika, alifungua kisanduku akalitia jiwe mkobani. Alikusudia kulirudisha asubuhi likiwa linang'aa, kabla mwalimu hajafika.

Alilisugua jioni kwenye ngazi ya nyuma, kwa sabuni na waya wa masufuria. Zambarau ilitoka upesi, na chini yake ukatokea wekundu mzito kama wa komamanga lililopitiliza kuiva. Moyo wake ulifurahi kwa muda mfupi tu. Jiwe lilikuwa laini kuliko alivyodhani, na waya uliacha mikwaruzo mirefu, na vidole vyake vikajaa unga mweusi. Aliingiwa na hofu. Akafanya kile ambacho nyumba yao hufanya kwa kila jambo lililoharibika: akaliloweka, akitumaini kwamba mpaka asubuhi mikwaruzo ingelegea. Mabeseni yote yalikuwa yamejaa sare. Kikombe cha Kibabu ndicho kilichokuwa kitupu.

Sasa kulipambazuka. Mama alikata mkate, akamwita Kibabu, naye Kibabu akageuza uso na kushika tumbo. Mama alimgusa paji la uso, akasema pengine ni kulia kulikomchosha. Chiriku aliutazama mkate wake tu.

"Vipi, redio imeharibika leo?" mama aliuliza. Kisha akaunyoshea mkono ule waya, ili asugue sufuria ya chai.

"Mama, usiutumie huo."

Mama aligeuka.

Chiriku alifumbua kiganja. Maneno yalitoka kwa vipande: jiwe la shule, kisanduku, sabuni, unga mweusi, kikombe. Alisema hakukuwa na mende. Mama aliisikiliza habari yote bila kumkatiza, akaiweka sufuria chini polepole.

"Alikunywa?"

"Sijui, mama."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi. Alimwambia anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Jiwe akalitia kwenye mfuko, waya na kikombe kwenye mfuko mwingine, akaziacha sare za watu ndani ya povu, wakaenda zahanati na Kibabu mgongoni.

Muuguzi aliyewapokea alimlaza mtoto, akamtazama macho na ulimi, akambonyeza tumbo. Aliuliza alikunywa nini, na Chiriku akaeleza tena, safari hii bila kuruka kitu. Muuguzi alimpigia simu mwalimu, mwalimu akamtafuta mtaalamu wa miamba wa ofisi ya madini, na mtaalamu akazungumza na muuguzi kwa muda mrefu. Chiriku alisimama kando ya kitanda, ameshika kisigino cha mdogo wake. Aliwaza kwamba kama ungekuwepo uwezekano, angeyanywa yeye maji yale yote.

Hatimaye muuguzi aliweka simu. Alieleza kwamba jiwe lile ni shaba iliyoungana na kitu kiitwacho seleniamu. Mwili hutaka chembe ya seleniamu, nayo tunaipata katika chakula, lakini ikizidi hudhuru. Bahati yao, jiwe lenyewe haliyeyuki kwa urahisi katika maji, na funda moja halikuelekea kuleta madhara. Hatari zaidi ni unga wake ukiliwa au ukivutwa puani. Hatari kuliko zote ni kulitia motoni, maana hutoa moshi unaonuka kama figili iliyooza, na moshi huo huumiza kifua.

"Tutamwangalia hapa mpaka mchana," alisema. "Lakini nikwambie kitu, binti. Kama ungeshikilia mende wako, mimi sasa hivi ningekuwa nakisia, na mtoto ndiye angelipia kukisia kwangu."

Kibabu alilala, akaamka, akateremka kitandani. Mikono mgongoni, alikwenda mpaka kwenye meza ya muuguzi na kuanza kuula mkate wa muuguzi. Muuguzi alimtazama anavyotafuna, akasema mgonjwa wa namna hii ni hasara kwa serikali. Mama alicheka, halafu akafunika uso kwa kanga na kukaa hivyo kidogo.

Kutoka hapo walikwenda shuleni. Mwalimu alikuwa na mtaalamu wa miamba, mtu mpole mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni. Chiriku aliomba radhi kwa kuchukua jiwe bila ruhusa. Mtaalamu alivaa glavu, akaligeuza jiwe chini ya dirisha.

Alisema mawe ya aina hii hutokea katika nyufa za miamba, mahali ambapo zamani sana yalipita maji ya moto kutoka chini. Mara nyingi huambatana na madini meupe kama chokaa. Ni adimu kwa sababu metali hupenda kushikana na salfa, ambayo ni nyingi. Seleniamu ni kama mdogo mtu nyuma ya kaka yake. Hupata nafasi pale tu ambapo kaka hayupo.

"Na rangi yake?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zambarau si uchafu. Ndivyo hewa inavyolifanya. Itarudi yenyewe, usijali. Mikwaruzo ndiyo haitaondoka."

Mwalimu alimwambia Chiriku kwamba nafasi ya kulieleza jiwe bado ni yake, kama ataitaka.

Njiani kurudi nyumbani mama alisema:

"Wateja wangu ni wa namna mbili. Yupo anayeniambia, hapa pamemwagika wino, hapa mafuta. Nguo yake naisafisha. Na yupo anayelikunja doa ndani nisilione. Hilo hukaukia humo, na likishakauka nafanya kazi mara tatu, na pengine lisitoke. Wewe utakosea tena, mwanangu, kama sisi sote. Niletee doa likiwa bichi."

Siku ya wazazi ilipofika, zambarau ilikuwa imerudi. Mtu asiyeinama asingeiona mikwaruzo. Chiriku alisema habari za shaba na seleniamu, nyufa na maji ya moto, figili iliyooza na sababu ya kutoligusa, na watu wakamsikiliza. Mama alisimama nyuma, Kibabu yuko kiunoni.

Kisha baba mmoja aliinama. Alikuwa baba wa yule jirani wa dawati. Alisogeza uso karibu na kioo, akauliza ile mistari ni ya asili au jiwe liliumizwa na mtu. Jirani wa dawati alimtazama Chiriku.

Chiriku alijifuta viganja kwenye sketi.

"Mimi ndiye niliyelikwangua," alisema.