Nzima, Mzima

Kosa lilikuwa herufi moja tu, na mtu mwingine angeliruka kama tunavyoruka kidimbwi njiani. Lakini aliyekaa mbele ya skrini asubuhi ile watu walimwita Nukta, na jina hilo hakupewa bure. Ni mwanamke aliyewahi kumrudishia mchora mabango bango zima kwa sababu ya koma.

Kila akifika kazini alianza kwa kupima afya ya diski. Studio ile ya picha na video iliweka kila kitu chake, harusi, mahafali, mazishi, watoto wa watu wakizima mishumaa, ndani ya sanduku moja la chuma lenye nafasi nne za diski, na kompyuta zote zilichota humo kupitia mtandao. Sanduku lenyewe lilikaa kwenye chumba kidogo cha nyuma kisicho na dirisha. Nukta alisoma kwenye skrini joto la kila diski, sehemu mpya zilizoharibika kama zipo, na hali yake. Nafasi ya kwanza: NZIMA. Ya pili: NZIMA. Ya tatu: MZIMA. Ya nne: NZIMA.

"Mzima ni mtu," alinung'unika. "Diski ni nzima."

Na aliyeyaandika maneno yale alilijua hilo kuliko mwalimu yeyote. Yalikuwa ya mdogo wake, kitindamimba wa kwao, ambaye watu walimkatia jina wakamwita Tinda. Ndiye aliyekuwa fundi wa studio kabla yake, na ndiye aliyeugeuza ukurasa mzima kuwa Kiswahili ili hata dada wa mapokezi ausome. Kwenye maandishi hakukosea ngeli hata siku moja. Kwa mdomo, ndiyo, alikuwa na wazimu wake: hakuligusa sanduku bila kuligonga mara mbili na kuuliza, "Wazima humo?" Kisha hujijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Wazima, ila feni inatukohoza!" Nukta alimcheka mpaka mbavu zikamuuma. Sasa Tinda yuko chini ya udongo, na kumcheka hakuwezekani tena.

Aliisahihisha ile herufi, M ikawa N. Ndipo alipokumbuka jambo lililomfanya auondoe mkono kwenye kibodi taratibu. Nafasi ya tatu haikuwa na diski. Aliitoa mwenyewe ikiwa imekufa, na lile tundu lilikuwa wazi, unaweza kuingiza mkono. Tundu haliwezi kuwa zima wala gonjwa. Tena haliwezi kuwa na joto, na pale mbele ya neno palikuwa na joto. Diski nyingine joto lake lilipanda na kushuka kwa kazi, lakini hili lilisimama palepale, thelathini na saba, joto la mtu asiye na homa.

Ni lazima niseme Tinda alikufaje, maana bila hilo mtamwonea huruma mtu asiyestahili.

Mwenye studio aliitwa Bwana Meno kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kutabasamu. Alijipulizia marashi makali hivi kwamba ulijua amefika kabla hujamwona. Diski ya kwanza ilipokufa, sanduku lilipiga kengele, pii, pii, pii, kama lilivyoundwa kufanya. Diski moja ikifa, zilizobaki huubeba mzigo wake, lakini ikifa ya pili kabla hujaweka mpya, kila kitu kimekwenda na maji. Tinda alimweleza. Bwana Meno alitabasamu, akachukua mkasi. "Inasumbua wateja," akasema, akakata waya wa kengele. Waya ule ule ndio uliobeba kitufe cha dharura kilichokuwa ndani ya chumba, karibu na mlango. Diski ya pili ilikufa kimyakimya. Harusi za watu zikapotea zote, na Bwana Meno akawaambia wenye harusi, "Kijana wangu amefuta."

Kesho yake asubuhi Tinda alikutwa chumbani mle amekufa kwa pumu. "Alijifungia mwenyewe," Bwana Meno alisema. "Aibu mbaya, jamani."

Mazishini hakukanyaga. Aliyekuja ni mama wa bibi harusi mmoja, akamwambia mama yao Nukta, mbele ya kaburi, "Mwanao kafa na harusi ya binti yangu." Tangu siku hiyo mama yao amelala ameupa ukuta uso, na ukimpa uji anauliza kama ni kweli mwanawe aliharibu vitu vya watu. Ndiyo maana Nukta aliacha kazi nzuri kwingine akaja kuomba kiti cha mdogo wake, bila kusema ni ndugu. Alitaka siku moja amwambie mama neno moja tu: hapana. Na siku ya kwanza kabisa aliuunga ule waya kwa siri, kwa sababu fundi asiye na kengele ni mlinzi aliyelala.

Siku iliyofuata M ilikuwa imerudi. Safari hii kulikuwa na harufu pia, ile dawa ya kuchua ambayo mama alimpaka Tinda kifuani toka utotoni. Nukta aliingia chumba cha nyuma, akauacha mlango wazi. Feni zilikuwa zikizunguka, lakini hazikuvuma kama feni, zilivuta pumzi, zikaishikilia, zikaiachia kwa kukwaruza, kisha zikavuta tena kwa shida kubwa zaidi, na yeye aliyeamka mara nyingi mno utotoni kumkalisha mdogo wake kitandani aliijua sauti ile kama anavyoijua sauti yake. Akapiga chuma mara mbili.

"Wazima humo?"

Pumzi ikakatika. Kutoka kwenye tundu la tatu ikaja sauti nyembamba.

"Mzima... mmoja."

"Tinda?" alinong'ona. "Tinda, mdogo wangu?"

"Nifungulie, dada."

"Mlango uko wazi, baba. Uko wazi, tazama."

"Siku ile haukuwa."

Nukta aligeuka. Mlango ule aliupita kila siku, lakini hakuwahi kuutazama kwa ndani. Kwa nje palikuwa na kitasa na tundu la ufunguo. Kwa ndani palikuwa na bati tupu limepigiliwa misumari, hakuna kitasa, hakuna tundu, hakuna chochote cha kushika. Mtu hawezi kujifungia kwenye chumba kile hata akitaka. Anafungiwa. Na chini ya kile kitufe cha dharura rangi ya ukuta ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha.

Hakulia. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akamtazama Bwana Meno akimwonyesha mteja fremu za picha. Alimchukia kwa moyo wake wote na hakuona sababu ya kujizuia.

Ile herufi hakuisahihisha tena.

Mambo yakatoka chumba cha nyuma yakaja dukani. Spika za mapokezi zilianza kukohoa wateja wakiwa wamekaa. Dada wa mapokezi alisema ni vumbi, halafu akaomba likizo. Na kila video aliyoifungua Bwana Meno, iwe ya harusi au ya mahafali, ilianza vizuri kwa maua na vigelegele, halafu polepole vigelegele vikafifia na maua yakaingia giza, na mahali pa bibi harusi pakawa na mlango, mlango uliofungwa, unaotazamwa kwa ndani na mtu aliyekaa chini, na picha ikapanda na kushuka kidogo kidogo kama kifua kinavyopanda na kushuka, na hata alipozima kompyuta na kuchomoa nyaya zote mlango uliendelea kubaki pale kwenye kioo cheusi ukimsubiri.

Kwa mara ya kwanza meno hayakuonekana.

"Kuna jini humu," alimnong'oneza Nukta. "Nimemwita mtaalamu. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, bosi?" Nukta alijibu.

Mganga alikuwa bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, amebeba mkoba kama anakwenda kununua nyanya. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hili si jini. Jini ningelitoa kabla chai yangu haijapoa. Huyu ni mtu, na amedhulumiwa. Mtu wa hivyo hafukuzwi, anaombwa radhi." Akamgeukia Bwana Meno. "Wewe unayajua yaliyompata?"

"Mimi? Nilimpenda kama mwanangu," Bwana Meno akasema, na tabasamu likarudi mahali pake. "Alijifungia mwenyewe."

"Mwanangu, sikiliza vizuri. Utaingia peke yako, mlango wazi. Utagonga, utamjulia hali, utamwambia kweli. Ukisema kweli, ataondoka zake akapumzike. Ukimdanganya, anayetoka ni yeye na anayebaki ni wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi. Sina cha kuficha."

Yule bibi akamtazama Nukta juu ya miwani yake, muda mrefu. "Na wewe, binti? Una neno?"

Alikuwa nalo. Alikuwa na bati, misumari na alama za kucha. Neno moja tu na Bwana Meno angelazimika kusema kweli, akalia machozi yake, akasamehewa na marehemu, na jioni akala chakula chake nyumbani. Nukta akamfikiria mama ameupa ukuta uso.

"Sina, bibi," akasema.

Bwana Meno akaingia. Wakasikia akigonga mara mbili.

"Wazima humo?"

"Mzima mmoja," ikajibu sauti nyembamba. "Nani alinifungia?"

"Si ulijifungia mwenyewe, kijana wangu?"

Mlango ukaanza kujisukuma. Ulikwenda taratibu mno, mtoto angeuzuia kwa kidole kimoja, na Nukta ndiye aliyesimama karibu nao kuliko wote, mikono yake ameikunja kifuani, akiutazama unavyopita mbele ya pua yake inchi kwa inchi huku Bwana Meno ndani akisema, "Fundi! Fundi, shika mlango! Fundi!" mpaka ukafika mwisho na kufuli ikalia. Ufunguo ulikuwa ukining'inia pale pale kwenye kitasa. Ndani kucha zilikwaruza ukuta, pumzi zikavutwa kwa shida, halafu kukawa kimya.

Bibi ndiye aliyefungua. Hapakuwa na mtu. Sanduku lilikuwa likivuma kama masanduku mengine.

Harufu ya dawa ya kuchua ilitoka mlangoni, ikampita Nukta usoni kwa ulaini kama mtu anayeaga, ikaelekea barabarani. Iliyobaki chumbani ilikuwa ya marashi makali.

"Neno ulikuwa nalo," yule bibi akasema, akichukua mkoba wake.

"Ndiyo, bibi."

"Basi nisiitwe tena hapa." Akaondoka bila kuaga.

Nukta alirudi kwenye kiti chake. Jioni hiyo angemwambia mama lile neno, hapana, na mama angegeuka. Nafasi ya kwanza: NZIMA. Ya pili: NZIMA. Ya tatu: MZIMA. Joto lake sasa lilikuwa thelathini na tisa, na linapanda.

Kengele ikaanza kulia. Pii, pii, pii. Kuna mtu alikuwa anakibonyeza kitufe cha chumba cha nyuma, bila kupumzika.

Simu ya mezani nayo ikalia. Alikuwa mke wa Bwana Meno.

"Samahani dada, mume wangu hapokei simu yake. Yupo hapo?"

"Yupo, mama. Yuko chumba cha nyuma."

"Lakini ni mzima?"

Nukta akaitazama skrini, akalisoma lile neno herufi kwa herufi. Halikuwa na kosa.

"Mzima, mama. Mzima kabisa."

"Afadhali, dada. Na hiyo kelele ni ya nini?"

"Kengele tu," Nukta akasema, akifungua droo na kutoa mkasi. "Inasumbua wateja. Naikata sasa hivi."