Faili Moja, Nyawira Wawili

Nina umri wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, na ninafanya kazi katika chumba cha rekodi cha hospitali moja ya misheni hapa Nyeri. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika sijamwambia yote hata mama yangu. Afadhali mnilaumu kuliko niendelee kunyamaza.

Kwetu Giakanja, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya, mama wa baba. Baba yangu na kaka yake walipata mabinti mwaka mmoja, na sote wawili tukaitwa Esta Nyawira, na mwishoni jina la babu. Nyumbani hakuna aliyetuchanganya! Mwenzangu aliolewa Nanyuki, akawa Nyawira wa Nanyuki. Tukikutana tuliitana "majina", kama waitanavyo watu wenye jina moja, na tulipendana sana.

Hospitali yetu ilipoletewa kompyuta, mimi ndiye niliyepelekwa kusomea. Niliringa, siwafichi. Hospitali moja ya Nanyuki nayo ikapata zake, ikaamuliwa tubadilishane rekodi za wagonjwa kwa disketi. Lakini mashine zile hazikuelewana hata kidogo. Wao waliwapa wagonjwa namba za aina yao, sisi za aina yetu. Sisi tuliandika tarehe kamili ya kuzaliwa, wao mwaka tu. Kitu pekee tulichokuwa tumekubaliana ni namba za magonjwa. Daktari mkuu akanionya nisiunganishe faili lolote mpaka hospitali zote zikae na kukubaliana namna moja ya kuandika, na kila mgonjwa awe na namba moja popote aendapo.

Mkutano uliahirishwa mara mbili. Nikachoka kungoja! Daktari alipokwenda likizo, nikaiagiza kompyuta ilinganishe majina matatu na mwaka wa kuzaliwa, basi. Vikifanana, iweke faili moja. Kazi ya miezi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kisha, kwa maringo tu, nikafungua faili langu mwenyewe nione lilivyotokea...

Mungu wangu! Chini ya jina langu palikuwa na kipimo cha damu kutoka Nanyuki. Palikuwa na namba tu, lakini namba hizo mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Ukimwi.

Mtauliza, kwa nini niliamini? Kwa sababu niliwahi kulazwa huko siku mbili, nilipomtembelea majina nikashikwa na homa kali, na walinitoa damu. Miaka hiyo ya tisini ni wangapi walipimwa bila kuambiwa? Tena kabla ya mchumba wangu nilikuwa na rafiki mwingine... Nikajumlisha mwenyewe, nikapata jibu. Nikalifunga lile faili kwa neno la siri, asilione mtu.

Tangu siku hiyo niliishi na hofu. Nikikohoa, najua ndiyo hiyo imefika. Kila asubuhi nilijipima uzito kwenye mizani ya wodi. Nyumbani nilitenga kikombe changu nikidai nina mafua. Kwa nini sikupimwa tena? Watu wa maabara nilikula nao chakula cha mchana kila siku! Ningewatazamaje?

Mchumba wangu Ndirangu alikuwa mwalimu, na wazee wao walikuwa wamekwisha kufika kwetu. Nilimwambia simpendi. Alilia mbele yangu, nami nikakaza uso. Baadaye alioa mwalimu mwenzake kule Karatina.

Miezi hiyo hiyo majina alirudi Giakanja kujifungua karibu na mama yake, akaja hospitalini kwetu. Muuguzi wa wodi ya wazazi aliniuliza kama kuna kitu chochote chake kutoka Nanyuki. Nikatafuta. Kompyuta ikanionyesha faili moja tu lenye jina lile, langu, lile nililolifunga. Nikajibu hakuna.

Alizaa msichana, Wangui. Nilimpelekea uji. Aliponipa mtoto nimbebe, nilirudi nyuma nikisingizia mafua. Niliogopa nitamwambukiza! Nikakaa kitini nikamtazama majina akimnyonyesha, nikamwonea wivu kwa afya yake.

Wangui alipofika miezi sita alilazwa, hapandi uzito, kifua kimebana. Daktari mkuu akapiga simu Nanyuki, nao wakamsomea kipimo cha majina kutoka kwenye kitabu chao cha kliniki ya wajawazito. Akaja chumbani kwangu akiwa amekunja uso.

"Nyawira, hiyo result ilitumwa kwa disketi. Iko wapi?"

Nikalifungua faili. Akaweka kidole kwenye tarehe ya kipimo. Siku hiyo mimi nilikuwa hapa hapa Nyeri, kazini. Miezi yote ile, mimi mtu wa rekodi, sikusoma tarehe!

Walinipima. Sina kitu. Lakini sikuweza kufurahi.

Ilibidi niende wodini, daktari akiwa amekwisha kumweleza majina yote. Majina alikuwa amembeba Wangui, hata hakupaza sauti.

"Majina, hii kitu ulijua tangu lini?"

"Nilidhani ni yangu," nikasema.

"Na ukakaa nayo? Si ungeniuliza tu? Ata mimi ningekuambia nilitolewa damu huko. Singenyonyesha huyu mtoto."

Wangui tulimzika Giakanja wiki mbili baadaye. Majina yungali hai, amerudi Nanyuki. Barua zangu hajibu.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na kompyuta hizi, msiunganishe watu kwa sababu majina yamefanana. Ngojeni, hata mkichoka. Na wewe msomaji, ukikuta jambo la kutisha limeandikwa kwa jina lako, tafadhali usilifungie ukafa nalo moyoni. Uliza! Huenda si lako kabisa. Huenda mwenyewe yuko mahali ananyonyesha, na hajui.