Ukimya wa Elkana

Ijumaa mchana soko la Mahane Yehuda halina adabu. Kila mtu anakimbizana na Sabato: huyu anagombania mkate wa kusuka, yule anakanyaga watu miguu kwa ajili ya bizari, na wauzaji wanapiga kelele utadhani nyanya zao zimeshuka kutoka mbinguni. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Rimma Gurevich, binti mrefu wa Riga, gauni la kijani limemkaa vizuri kiunoni, nywele za rangi ya asali kazifunga ovyo. Alikuwa akimkabili muuza samaki kwa Kiebrania pekee alichokuwa nacho, kile cha Torati alichofundishwa chuoni.

"Ee bwana wangu," alisema kwa sauti safi, "ikiwa nimepata kibali machoni pako, umpe mjakazi wako samaki huyu, nawe umwondolee magamba yake."

Muuza samaki akabaki na kisu hewani. Kisha akamwita jirani yake, "Shimi! Njoo upesi! Nabii kashuka, anataka samaki!"

Watu wakaangua kicheko. Rimma alitamani ardhi impasukie. Nyuma yake akapenya kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ndogo ya kufuma kisogoni.

"Mjomba, mkatie vizuri huyo," alisema. "Akikulaani, kesho sanduku lako litajaa vyura."

"Na wewe nani kakuita?" Rimma alimgeukia.

"Elkana Toledano. Mwaka wa pili, chuo hicho hicho chako. Nakuonaga maktaba umeukunjia uso ukurasa kana kwamba umekukosea."

"Aliyenikosea ni wewe, si ukurasa."

"Lo! Kumbe nabii anajibu!"

Alicheka, na Rimma, ambaye alikuwa amejiandaa kukasirika, akajikuta anacheka pia. Mapenzi hayana hodi.

Chuoni wanafunzi husoma wawili wawili: ukurasa mmoja, vichwa viwili, sauti juu. Asiyebishana anaonekana hajaelewa. Rimma na Elkana wakawa jozi, na jozi yao ikajulikana ukumbi mzima kwa makelele. Nyumbani kwao Riga, Uyahudi ulikuwa jina la ukoo na supu ya kuku basi; sasa alikuwa akisoma historia ya watu wake, dini yao na lugha yao, akiwa na mtu aliyezaliwa ndani ya vitu hivyo, mtoto wa ukoo wa marabi. Rimma aliona haya kuuliza mambo madogo madogo. Alipendelea kubisha.

Sabato moja, siku ambayo simu haiguswi, ilipotoka tu, nyota hazijakaa sawa, simu yake ililia.

"Wiki njema, mpenzi. Nimekukumbuka tangu jana jioni."

"Siku moja tu imekushinda?"

"Siku moja bila kubishana na wewe ni njaa."

"Mwambie aje ale!" mama yake, Bi Basya, aliyehamia naye kutoka Riga, alipaza sauti jikoni. "Maneno hayajazi tumbo!"

Elkana akaja, akala sahani tatu, na Bi Basya akampenda papo hapo.

Majira ya baridi yalipoanza, moyo wa Bi Basya ulisimama. Alizikwa siku ile ile, kama ilivyo ada. Jirani yao, Bi Simha, ndiye aliyesimamia matanga ya siku saba: alifunika vioo, akaleta kigoda kifupi, akamwambia Rimma aketi. Rimma akaketi. Hakuuliza kwa nini, na hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Elkana alikuja akakaa mbele yake. Rimma aliinamia sakafu akingoja aseme neno moja tu, pole. Hakusema. Mtu yule asiyeishiwa maneno alikaa kama gogo, macho mekundu, midomo imefungwa. Bi Simha aliongea kwa niaba ya jengo zima, Elkana kimya. Alipoinuka kuondoka alitamka dua ile ile ya kila mgeni, ya kumwomba Mungu amfariji, akaenda zake. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Rimma alipomwona mlangoni aligeukia ukuta. Elkana hakurudi tena.

Matanga yalipokwisha, simu ililia.

"Rimma, mpenzi wangu, nakuomba..."

"Leo ndiyo umepata ulimi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Uningoje mimi? Mimi niliyefiwa?"

"Ulininyima hata neno moja! Nilijua hunitaki pale. Mtu haambiwi mara mbili."

"Kweli, haambiwi," Rimma alisema. Alikata simu, akaifungia namba ile, na jioni hiyo akampigia mama yake mdogo, Ida, kumwambia anarudi Riga. Ida akamkatia tiketi ya ndege. Elkana, upande wa pili wa mji, aliamini kwamba yeye ndiye aliyeachwa.

Lakini mtihani wa chuo ulibaki. Mama yake alitamani sana kumwona akisoma mbele za watu, na Rimma hakuweza kumnyima marehemu jambo hilo. Angesoma, kisha aende.

Mtihani wenyewe hufanywa hadharani. Mwanafunzi anasimama ukumbini, anapewa ukurasa, anausoma na kuufafanua, na chuo kizima kina ruhusa ya kusikiliza. Dokta Penina, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya jemadari, alimfungulia ukurasa wa sheria za matanga. Darasa lilikuwa limeusoma Rimma akiwa matangani kwake mwenyewe, kwa hiyo hakuwahi kuuona.

"Ukitaka nikupe mwingine, sema," mwalimu alimwambia taratibu.

"Hapana. Nitausoma huu."

Alimwona Elkana safu ya mwisho, kakonda, hajanyoa. Akakaza sauti, akaanza. Herufi zilizokuwa zikimtesa zikaja zenyewe, moja ikimshika mkono mwenzake. Akafika mahali paliposema kwamba wanaokuja kufariji wakae kimya, hawana ruhusa ya kusema lolote mpaka mfiwa mwenyewe afungue kinywa. Huzuni ni yake. Hakuna wa kumtangulia.

Rimma akausoma mstari ule mara ya pili.

"Fafanua," alisema Dokta Penina.

"Maana yake..." Aliinua macho kutoka kitabuni. "Maana yake alikuwa ananiheshimu. Nami sikujua. Nilimngoja yeye, naye ananingoja mimi."

Safu ya mwisho, Elkana alikuwa ameshasimama. Hata sasa hakufungua mdomo. Alimtazama tu, akingoja. Rimma akaelewa kwamba zamu ni yake.

"Elkana," alisema. "Mama yangu amekufa."

"Pole, mpenzi wangu," Elkana alijibu, na machozi yakamtoka mbele ya chuo kizima. "Pole sana. Alinipigia wiki ile ile aliyofariki, akaniambia, 'Binti yangu mbishi, utamweza?' Nikamwambia, sitaki kumweza, mama, nataka kumwoa. Akacheka, akasema nikuulize mwenyewe. Nilikuja na maneno hayo siku zote tatu, nikirudi nayo. Basi nakuuliza."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Rimma alilia. Alilia kwa sauti, bila haya, na katikati ya kilio hicho akasema, "Nakubali!"

Ukumbi ukalipuka. "Mazal tov! Mazal tov!" Watu waligonga meza kwa viganja wakiwapongeza.

"Kimya!" Dokta Penina aliguna, akifuta miwani yake. "Huu ni mtihani. Gurevich, umefaulu. Kwa daraja la juu."

Nje, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Elkana, Rimma alipiga simu Riga.

"Mama mdogo, futa tiketi. Nimefaulu, na ninaolewa."

"Na nani?" Ida alishtuka. "Si yule bubu?"

"Huyo huyo," alisema Rimma. "Ngoja nikupe uongee naye, lakini uwe na nafasi. Akianza hanyamazi."