Vitabu vya Mhasibu Osea

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, Tunduma.

Tuntufye, mkuu wa genge, aliwapangia wenzake wawili kazi. Mhasibu mstaafu wa ofisi ya ardhi ya Mbozi, mzee Osea, alikuwa anazikwa Isansa. Ofisi nzima ingekwenda msibani. Angebaki mlinzi mmoja, na masjala yenye vitabu vya stakabadhi za viwanja vilivyouzwa kabla ya kompyuta. Tajiri mmoja alivitaka viwanja hivyo. Vitabu vikichomwa, nani atathibitisha kwamba alilipa?

Aliko, fundi wa kufuli, aliuliza kama mwili hautapitishwa ofisini kuagwa. Gwamaka, dereva, alimcheka. Mstaafu aagwe na nani? Wajinga wa ajabu hawa. Wamezaliwa Mbozi, na bado wanadhani mtu wa watu anaweza kuzikwa kimyakimya.

Saa tano. Mlinzi kafungwa kamba chooni. Mlango wa chuma wa masjala ulifunguka. Aliko aliingia, akaanza kujaza gunia. Kitabu kimoja kikafunuka mkononi. Yunisi wa Isansa, kalipa yote. Mama yake. Aliuza kahawa yake kununua kiwanja hicho, na stakabadhi yake iliungua pamoja na nyumba.

“Ulijua mama yangu yumo?”

“Wamo mama za watu wengi,” Tuntufye alijibu kutoka koridoni. “Funga gunia.”

Hapo ukasikika wimbo wa maziko. Jeneza lilikuwa getini, wafanyakazi na kwaya nyuma yake. Gwamaka hakupiga hata honi. Aliwasha gari akawaacha.

Tuntufye alichomoa bastola, akaamuru gunia litoke, wapite dirishani. Aliko akauvuta mlango wa chuma, akajifungia ndani na vitabu.

Risasi mbili ziligonga kufuli. Halafu mbio, vioo kuvunjika, kelele za waombolezaji. Walimkamata Tuntufye akiparamia ukuta wa ua, bastola wakamnyang'anya.

Aliko alifungua mwenyewe. Mbele ya umati alisimama Yunisi, kavaa sare ya kwaya.

“Mama, kiwanja chako kipo salama.”

Yunisi aliliangalia gunia, kisha bisibisi mkononi mwa mwanawe.

“Sijakuuliza kiwanja, mwanangu.”

Wanaume wakamfunga Aliko mikono kwa mshipi. Mama yake hakungoja polisi. Alifuta machozi kwa kitambaa cha kwaya, akarudi kusimama kando ya jeneza, maana mzee Osea alikuwa bado hajaagwa.