Siku Redio Aliponyamaza

Nyumbani kwetu mama akivaa hedifoni, hata kijiko hakikuruhusiwa kugonga sahani. Ilikuwa sheria, na ilinitesa mimi kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye Redio. Jina hilo nilipewa na bibi yangu. Alishinda nami siku moja, kutwa nzima, na jioni akamwuliza mama betri zangu zinatolewa wapi. Bibi alirudi kwake, jina likabaki. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, katika chumba kimoja na sebule.

Kazi ya mama ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuichapa neno kwa neno. Ofisi ilimtumia sauti, yeye akarudisha maandishi. Watu wakibishana mkutanoni wote kwa pamoja, alirudisha nyuma hata mara tano mpaka ajue nani alisema nini. Mimi nikitoka shule nilivua viatu mlangoni, nikala polepole, nikasubiri. Akishavua hedifoni alikuwa ananigeukia na kusema, "Haya Redio, fungulia." Hapo nilimmwagia habari za siku nzima, za walimu, za wenzangu, mpaka za mbuzi aliyeingia darasani.

Laptopu yenyewe ilikuwa imekula chumvi nyingi. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo ilitegemea umeme tu, na tundu la chaji lilikuwa limelegea. Mama aliitafutia dawa yake mwenyewe. Alikunja kipande cha boksi la dawa ya meno mara nne, akakibana chini ya pini ya chaja. Kisha akaufunga waya kwenye mguu wa meza kwa ukanda wa kitambaa, usicheze hata kidogo. Kununua nyingine hatukuthubutu hata kuota. Mwezi huo hata sabuni tulikuwa tunaikata vipande.

Ofisi nayo ilikuwa inayumba. Wachapaji watano walikuwa wamebaki wawili, mama na mwenzake mmoja, na meneja alikuwa amesema wazi kwamba atamweka mmoja tu. Kila mmoja alipewa mkutano mrefu wa kuchapa. Kazi ifike Ijumaa saa sita mchana, ikiwa safi, ndipo aamue. Mama hakunificha. Aliniambia kwamba akiikosa nafasi hiyo, hajui kodi ya mwezi ujao itatoka wapi.

Jumatano alasiri alitoka kwenda dukani kununua mafuta ya kupikia. Laptopu aliiacha imewaka, kwa sababu kuiwasha upya kulichukua muda mrefu. Nami, jamani, siku nyingi nilikuwa natamani kuwasikia hao watu wanaomfanya mama atabasamu peke yake. Nikavaa hedifoni. Nikasikia mzee mmoja akilalamika kuhusu viti, mwingine akimjibu kwamba viti si hoja, na nikacheka sana. Nikaona ni bora niwasikilize nikiwa nimejilaza kitandani. Nikaibeba laptopu kama sinia, nikapiga hatua mbili.

Ukanda wa kitambaa nilikuwa nimeusahau kabisa. Waya ulikaza, kitu ndani ya laptopu kikalia ka, na kioo kikawa cheusi.

Nilirudisha kila kitu mahali pake. Kipande cha boksi chini ya pini, waya sambamba na mguu wa meza, hedifoni juu ya daftari. Hata kiti nilikisogeza kilivyokuwa. Akili ya kuficha ilikuwa timamu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama aliporudi alibonyeza kitufe mara moja, mara mbili. Akasukuma kile kipande cha boksi. Akainama akaangalia soketi ukutani, akajaribu taa ya mezani pale pale, ikawaka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kitabu mkononi, nasoma mstari mmoja huo huo. Akasema taratibu kwamba fundi alikwisha kumwonya, mashine hii iko siku itamwacha njiani, na kumbe siku yenyewe ndiyo hii. Halafu akanitazama.

"Hata hujasema neno leo," alisema. "Asante, mwanangu. Umeona mama yako ana shida, ukatulia."

Afadhali angenipiga.

Tulikwenda kwa fundi jioni ile ile. Tulimwita Fundi Miwani, kwa kuwa miwani yake ilikaa juu ya paji la uso muda wote, naye akiitafuta muda wote. Aliigeuza laptopu akauliza kama imeanguka, au kama waya umevutwa. Mama akajibu kwamba haikuguswa na mtu, ilikuwa mezani. Nilikuwa nimesimama kando yake nimeshika mfuko. Fundi akasema ingekuwa imevutwa angeanza na tundu la chaji. Lakini kama imezimika yenyewe, basi ugonjwa uko kwenye bodi kubwa, na hiyo hupimwa kipande kwa kipande. Mama arudi Ijumaa jioni, au Jumamosi.

Kazi yote aliyokwisha kuchapa ilikuwa ndani ya mashine ile. Alhamisi alfajiri mama alikwenda kukodi kompyuta kwenye duka la intaneti, aipakue sauti tena na kuanza upya. Alichapa hadi pesa ikamwishia, na ile ilikuwa ndiyo pesa ya chakula. Alirudi mchana, macho mekundu, hajafika hata robo ya mkutano.

Jioni alimpigia meneja. Sauti ya meneja ilitoka nje ya simu, nikaisikia nikiwa chumbani. Alisema habari za mashine kuharibika amezisikia kwa wachapaji wote aliowahi kuwaachisha kazi. Mama akajibu kwa heshima, "Mimi si mtu wa visingizio, bosi. Miaka sita unanijua." Meneja akasema Ijumaa ni Ijumaa. Mama akaiweka simu mezani, kifudifudi, akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mama yangu alikuwa ameitwa mwongo kwa ajili ya uongo wangu. Hilo sikuweza kulimeza.

Ijumaa nilitoka mapema nikidai nina zamu ya kufagia darasa. Nikamkuta Fundi Miwani anafungua mlango wa karakana. Nikamwambia yote kabla hajaweka mfuko wake chini, kuanzia hedifoni mpaka ule mlio wa ka. Alinisikiliza, akafungua laptopu, akaenda moja kwa moja kwenye tundu la chaji. Kipini kimoja kidogo kilikuwa kimeng'oka kwenye bodi. Akawasha chuma chake cha kuchomelea. Kwa muda ambao mtu hunywa kikombe cha chai, kioo kikawaka.

"Kazi ndogo hii," alisema, akiitafuta miwani. "Ungenieleza juzi, mama yako angeondoka nayo siku ile ile." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alifunga karakana akanisindikiza nyumbani, lakini mlangoni alinipa mimi laptopu niibebe, akasema maneno mengine ni yangu.

Nilimweleza mama nikiwa nimesimama, mfuko wa shule mgongoni. Aliuliza swali moja tu, kama nilikuwepo fundi alipouliza kuhusu waya. Nikajibu ndiyo. Akaichukua laptopu, akaikalisha mezani, akakunja kipande kipya cha boksi na kuvaa hedifoni. Ilikuwa saa mbili na nusu. Alichapa bila kuinua kichwa. Saa sita ilipita, naye bado anachapa. Alituma kazi saa nane kasorobo, ikiwa safi, haina kosa hata moja. Meneja alimjibu kwamba mwenzake alituma saa tano na nafasi imekwisha kwenda.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama aliniacha nilie kwanza. Kisha akaniita nikae karibu naye.

"Kuvunjika si neno," alisema. "Hata mimi ningeweza kuivuta nikiwa na usingizi. Ungeniambia Jumatano ningekukasirikia kwa saa moja, halafu tungekwenda kwa fundi, na leo ningekuwa na kazi. Wewe hukunivunjia mashine, Redio. Umenichukulia siku mbili, na sina pa kuzipata." Akafuta uso wangu kwa kiganja. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jambo baya ukilisema mapema linakuwa dogo. Ukilificha linakua, tena linawala hata wasiohusika."

Siku hizi mama ana meza kwenye kona ya karakana ya Fundi Miwani, anawachapia watu barua na maombi ya kazi. Kuna siku wanajaa, kuna siku hatokei mtu. Hatujalala njaa, lakini mshahara wa mwisho wa mwezi hakuna tena. Kila akimchapia mtu barua ya kuomba kazi, mimi huangalia pembeni.

Wiki iliyopita, nikiwa napita na ndoo nyumbani, nilikanyaga waya wa hedifoni zake. Upande mmoja ukanyamaza. Kama siku ile, hakuna aliyekuwa ameniona. Nikaitua ndoo hapo hapo, nikazichukua, nikaenda karakana mbio, nikamwambia mbele ya wateja wawili.

Mama aliacha kuchapa. Akanyoosha mkono.

"Lete tuzione," alisema. "Bado mapema."