Ukurasa wa Pili

Kila akitoka shule, Kidoti alipitia karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, akamfagilia vumbi la chuma. Lakini hii ilikuwa siku ya nne akiishia mlangoni.

"Mbona unasimama huko kama mgeni?" baba aliuliza.

"Vumbi, baba. Ndilo lililokuingia kwenye damu."

Baba alivua miwani ya kazi. Mwaka mzima alikuwa hoi, viungo vikimuuma, mpaka hospitali ilipogundua kwamba mwili wake unalimbikiza madini ya chuma. Sasa alikuwa akitolewa damu ili yapungue, na watoto wake wawili nao walikuwa wamepimwa.

"Nani kakwambia ni vumbi? Na majibu yenu mbona hayaji?"

Kidoti akaangua kilio. Muuguzi alikuwa amempa bahasha, akamwagiza ampe mama, aje nayo hospitali. Yeye aliifungua njiani, akaona jina lake na neno "mbebaji", akajua amekwisha. Akaificha chini ya godoro.

Baba hakugomba. "Kailete."

Asubuhi walikwenda hospitali wote, na mama pia. Kaka mtu, mcheza mpira, alikuwa akimtania Kidoti njia nzima: "Kaa mbali, wewe sumaku!"

Muuguzi alisoma taratibu. "Ugonjwa huu ni wa kurithi, hautoki karakana. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayodhibiti chuma mwilini, moja ya baba, moja ya mama. Baba yenu zote mbili zina kasoro. Wewe Kidoti unayo moja tu yenye kasoro. Mbebaji ameibeba tu, haugui."

Kidoti akashusha pumzi. Muuguzi akafunua ukurasa wa pili.

"Na huu uliusoma?"

"Hapana."

"Ni wa kaka yako. Yeye anazo mbili, moja ya baba, moja ya mama."

Kaka polepole akatoa mfukoni kopo la vidonge vya kuongeza damu, alivyokuwa akimeza kila siku apate nguvu uwanjani.

"Hivi vina chuma. Acha leo hii," muuguzi alisema. "Tutakupima. Kikizidi, utatolewa damu kama baba, kabla ini halijaharibika."

"Siku nne nimeificha," Kidoti alinong'ona.

"Siku nne hazijamdhuru. Ingekuwa miaka minne?"

Mama akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba.

"Sikiliza, mwanangu. Majibu ya hospitali hayasomwi nusu, wala hayafichwi. Ukiogopa, njoo tuogope pamoja."

Jioni ile Kidoti aliingia karakana, akachukua ufagio. Kaka yake akamshikia beleshi.