Mwachie Acheze

"Fundi! Huyo wa kuachiwa acheze ni nani?"

Msusi alikuwa amesimama juu ya jiwe kubwa, viatu mkono mmoja, simu ya mpenzi wake mkono wa pili, na kwa sauti aliyoitoa angeweza kunyoosha nywele bila umeme.

Chini yake, maji yakimfika magotini, fundi friji alikuwa ameikumbatia fimbo ya kuvulia kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Upepo ulimfikishia maneno mawili tu.

"Nani acheze?"

"Si ndiyo nakuuliza mimi!"

Ngoja tuelewane kwanza. Ufuko huu uko mbali na kila kitu. Hakuna kibanda, hakuna kivuli, mtandao ndiyo usiseme. Asubuhi yote wawili hawa walikuwa wanazurura: wameingia kwenye pango linalonuka popo, wameikuta nanga iliyoliwa na kutu, wamepiga picha na kaa aliyewakunjia ngumi. Msusi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Lakini moyoni alikuwa na lake. Miaka mitatu bwana huyu anasema "nitaongea na baba yako." Leo msusi alishaamua: jua likizama neno halijatoka, basi, kila mtu ashike njia yake. Saluni moja ya mji mwingine ilishampa kiti, wanasubiri jibu tu.

Baadaye wakashuka majini kuvua. Fundi akachukua chambo, akakitemea mate, akarusha mshipi.

"Umejifunza wapi hayo?" msusi akauliza.

"Mtandaoni."

"Baba yangu naye anatemea chambo mate. Nilidhani ni kichaa peke yake."

Fundi akakohoa, akaangalia mawimbi kama yanamdai jibu.

Msusi akachukua simu ya fundi, akapanda jiweni ampige picha. Kumbe mtandao wote wa ufuko ule ulikuwa umejificha pale juu! Simu ikatetemeka mkononi, ujumbe ukaingia kwa mkupuo, wote kutoka kwa mtu aliyeandikwa "Kapteni":

"Vipi, ameshanasa?"

"Asikubabaishe. Mwanzoni wote wanajifanya wakali."

"Usimvute kwa pupa. Mwachie acheze, akichoka atalegea mwenyewe."

"Akiwa mdogo mrudishe. Wapo wengi."

Msusi alijiona kwenye kila mstari. Mwanzoni alijifanya mkali kweli, wiki mbili hakupokea simu. Ameachiwa, amecheza, amelegea. Na huo udogo? Kimo chake kila mtu anakijua!

Ndipo alipompigia fundi ukelele ule, kisha akamsomea ujumbe wote kwa sauti, neno kwa neno.

"Mpenzi, huyo ni samaki!"

"Mimi samaki?"

"Wewe si samaki! Samaki ndiye samaki!"

"Na Kapteni ni nani?"

Fundi akazidi kuikumbatia fimbo.

"Siwezi kusema. Nimeahidi."

"Ahaa. Basi atasema mwenyewe."

"Usipige! Tukana yeyote unayemtaka, lakini huyo muache, nakuomba!"

Alikuwa ameshapiga, na spika ameifungua.

"Wewe Kapteni! Mhuni mkubwa wewe! Unamfundisha mwanaume wangu kuchezea watoto wa watu? Mama yako hakukulea?"

Kwanza kilikuja kikohozi. Kikohozi kile msusi alikijua tangu hajaota meno.

"Bibi yako alinilea vizuri tu," simu ikajibu.

"...Baba?"

"Ndiyo mhuni mwenyewe."

Msusi akakaa jiweni bila kuangalia anakalia nini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea, ulikuwa unanitukana."

"Baba, huyu mnajuana tangu lini?"

"Tangu friji letu lilipokufa, mwezi uliopita. Nimemwita atengeneze, kakaa hapo sakafuni ananitolea hotuba kwamba anakutaka. Hata kompresa hajaigusa! Nikamwambia, wewe una pupa. Nenda kavue samaki kwa mshipi, niletee, ndiyo tuongee. Na binti yangu asijue, asije akakuvulia yeye."

Msusi akamgeukia fundi.

"Mwezi mzima umenyamaza?"

"Ahadi za mdomo nimekupa nyingi, zote zimekufa," fundi alisema, sauti chini. "Safari hii nilitaka nikuonyeshe kitu nimekishika mkononi."

"Saluni ya ule mji wamenipa kiti, Fundi. Jioni nilikuwa nakuaga."

Fundi akakaa. Kwenye maji, na suruali yake. Akawa anamtazama tu, wimbi likimpiga mgongoni, na msusi akaona macho yake yamelowa, na maji ya bahari hayajafika huko.

Ndipo fimbo ikapinda.

"Baba, kimenasa!"

"Asivute!" simu ikapiga kelele. "Mwachie! Mwachie acheze!"

"Fundi, mwachie acheze!" msusi akarukia majini, simu kaiinua juu mtandao usipotee, sketi imepanda mapajani, wala hajali.

"Anakata!"

"Hakati! Taratibu! Sasa vuta!"

Wakavuta wote wawili, wakaanguka wote wawili. Simu tu ndiyo ilibaki kavu.

"Ana ukubwa gani?" baba akauliza.

Msusi akamlaza samaki kiganjani. Mkia haukufika hata kwenye vidole.

"Mdogo, baba."

"Mrudishe. Wapo wengi."

Akamshusha majini, samaki akaondoka bila hata asante. Fundi akabaki anaangalia kile kiganja kitupu kama mtu aliyesomewa matokeo ya kufeli.

"Nimemrudisha, baba. Lakini huyu mwingine simrudishi."

"Mwingine yupi?"

"Huyu aliyelowa."

Baba akavuta pumzi ndefu.

"Nilisema aje na samaki."

"Atakuja na wazee wake."

"Basi, Jumamosi." Baba akashusha sauti. "Na samaki mpitie sokoni. Mama yako asisikie, lakini hata mimi, kwa babu yako, nilipitia sokoni."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikadakia:

"Tulijua siku ile ile! Samaki gani anatoka baharini na barafu?"

Simu ikakatika. Fundi alicheka mpaka akakwama, akamkumbatia msusi, maji yakiwachuruzika wote.

"Jumamosi nitaongea," alimwambia sikioni. "Mbele yako. Bila pupa."

"Ukikohoa tu, nakurudisha baharini."

Kabla hawajaondoka, msusi alipanda tena kwenye jiwe lile, safari hii na simu yake mwenyewe. Akaiandikia saluni ya ule mji mwingine:

"Samahanini, kiti mpeni mwingine. Mimi nimenasa."